Kusambaza Sauti na Video kutoka kwenye Seva Yako Bila Kuteketeza Bando la Mtazamaji

Anayeweka somo la saa moja kwenye tovuti hulipia seva kwa mwezi kisha husahau, lakini mwanafunzi anayelifungua somo hilo akiwa Mbagala au Gongo la Mboto hulipia kila megabaiti kutoka kwenye bando lake, na akilirudia kesho mara nyingi hulipia tena. Kwa sababu hiyo, kazi ya kusambaza sauti na video ina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: baiti isiyotazamwa wala kusikilizwa haikustahili kuondoka kwenye seva. Mipangilio ya seva, umbo la mafaili na hata mahali seva ilipo ni mambo yanayofuata kutoka hapo.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayesimamia seva yake mwenyewe ya Linux, hata ikiwa ni ile ndogo ya kukodi, na anayetaka kuweka mihadhara, mahubiri, vipindi vya redio au masomo ya video. Mfano utakaotumika ni wa kituo cha tuisheni cha Dar es Salaam kinachorekodi masomo ya kidato cha nne, kwa kuwa matumizi yake yanatabirika: huwa kimya mwanzoni mwa mwaka, kisha watu hufurika mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Programu ya seva ni nginx, na ya kubana mafaili ni ffmpeg. Zote mbili ni za bure.

Niseme mapema kwamba kama video zako ni za umma na matangazo hayakukeri, YouTube itakufanyia karibu yote haya bila malipo. Seva yako mwenyewe ina maana pale unapotaka mwanafunzi apakue faili dogo la sauti na kuondoka nalo, unapotaka masomo yawe ya waliolipa ada tu, au usipotaka somo la fizikia lifuatiwe na pendekezo la vichekesho.

Hesabu kabla ya seva

Kiwango cha biti, yaani wingi wa data inayotumika kwa kila sekunde ya sauti au video, ndicho kinachoamua karibu kila kitu, na hesabu yake ni nyepesi: chukua kilobiti kwa sekunde, gawanya kwa nane upate kilobaiti, kisha zidisha kwa 3,600 upate ukubwa wa saa nzima. Rekodi ya WAV yenye ubora wa CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na MB 635 kwa saa. MP3 ya kilobiti 128 inashuka hadi MB 57.6, na AAC (umbo jingine la kubana sauti) ya kilobiti 64 hadi MB 28.8. Upande wa video, rekodi ya simu ya 1080p (picha yenye mistari 1,080 ya pikseli) yenye megabiti 17 kwa sekunde inazidi GB 7 kwa saa. Somo hilohilo likibanwa hadi 480p, kwa kilobiti 800 za picha na 64 za sauti, linabaki MB 389.

Sasa itazame hesabu hiyo kutoka upande wa seva. Seva yenye kikomo cha TB 1 ya trafiki kwa mwezi inaweza kutoa takriban saa 2,570 za video hiyo ya 480p, ilhali kwa kikomo hichohicho ingetoa zaidi ya saa 34,000 za sauti ya kilobiti 64. Ikiwa muunganisho wake ni wa megabiti 100 kwa sekunde, watazamaji 115 wa 480p kwa wakati mmoja wanaujaza kabisa, huku prosesa ikiwa haina kazi. Wasimamizi wengi wakiona video zinaganda hukimbilia kuongeza RAM. RAM haipanui muunganisho, na njia ya bei nafuu ya kuhudumia watu wengi zaidi ni kupunguza biti kabla faili halijafika kwenye seva.

Kubana sauti

Sauti ya mtu mmoja anayezungumza haihitaji mikondo miwili ya kushoto na kulia. Mkondo mmoja wa AAC wa kilobiti 64 unatosha kwa muhadhara, na kwa maneno matupu unaweza kushuka hadi 48 bila msikilizaji wa spika ya simu kulalamika. Kwaya na taarabu ni jambo lingine: hapo acha mikondo miwili na usishuke chini ya kilobiti 96.

```
ffmpeg -i muhadhara.wav -ac 1 -ar 44100 -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5 -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart muhadhara.m4a
```

Kichujio cha loudnorm kinasawazisha ukubwa wa sauti, na kwa msikilizaji aliye ndani ya daladala kina faida kuliko kilobiti thelathini za ziada, kwa sababu rekodi nyingi za ukumbini huwa za chini mno, naye hubaki akibonyeza kitufe cha sauti kilichokwisha kufika mwisho. Sehemu ya `-ar 44100` usiiache, kwani kichujio hicho kikifanya kazi huweza kupandisha kiwango cha sampuli cha faili bila faida yoyote.

Opus, kodeki (mbinu ya kubana na kufungua sauti au video) iliyowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, hufanya vizuri zaidi ya AAC katika viwango vya chini. Maneno yanasikika vyema kwa kilobiti 32, yaani MB 14.4 kwa saa. Tatizo ni simu za zamani, hasa iPhone, ambazo hazilichezi faili lake. Kwa hiyo iweke kama chaguo la kwanza ndani ya lebo ya `<audio>`, na AAC ifuate kwa wasioiweza. Kivinjari kitachukua kile kinachokiweza na hakitagusa kingine. Kwa wanaopakua ili wasikilize kwenye kiswaswadu chenye kadi ya kumbukumbu au kwenye redio ya gari, ongeza MP3 ya kilobiti 48 ya mkondo mmoja.

Kubana video ya ubaoni

Hapa ndipo uamuzi wa mtu unahitajika zaidi, kwa sababu somo la ubaoni si mpira wala muziki. Picha haisogei sana, lakini ina vitu vidogo vyenye uzito mkubwa. Kamera ikiwekwa nyuma ya darasa, fremu inachukua ubao, feni ya darini na visogo vya mstari wa mbele, na 10⁻⁷ iliyoandikwa kwa chaki inabaki na pikseli chache mno. Ukiibana hadi 480p, ile alama ndogo ya kutoa inamezwa na vumbi la ubao. Mwanafunzi anaandika 10⁷ kwenye daftari lake, na jibu lake linakuwa kubwa mara 10¹⁴ kuliko la mwalimu. Kuongeza kilobiti hakumsaidii mwanafunzi huyo, kwa kuwa alama iliyokosa pikseli haina cha kubanwa. Kinachosaidia ni kukata fremu ili ubao uijaze, na kukata huko kufanyike kabla ya kupunguza ukubwa:

```
ffmpeg -i somo.mov -vf "crop=1600:900:160:60,scale=-2:480,fps=15" \
  -c:v libx264 -preset slow -crf 25 -maxrate 800k -bufsize 1600k \
  -profile:v main -pix_fmt yuv420p \
  -force_key_frames "expr:gte(t,n_forced*2)" \
  -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart fizikia-04.mp4
```

Nambari ya `-crf` inataja ubora unaotaka badala ya ukubwa wa faili: ikishuka, ubora na ukubwa hupanda, na kila hatua sita hivi huongeza ukubwa maradufu au kuupunguza kwa nusu. Pamoja nayo, `-maxrate` inazuia vipindi vyenye mwendo mwingi visivuke kiwango ambacho mtandao wa mtazamaji unaweza kukibeba. Katika somo la ubaoni picha nyingi hufanana, hivyo faili mara nyingi hutoka dogo kuliko lile la MB 389 tulilolikadiria. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kwa mkono unaoandika, ingawa usitegemee akiba ya nusu, maana fremu zinazofanana huwa tayari zimebanwa sana. Kwa kwaya au maigizo, ondoa kabisa sehemu ya `fps=15`.

H.264 ni kodeki ya mwaka 2003, na kuna mpya zinazoipita, kama VP9 na AV1. Hata hivyo, bado naipendekeza kuwa msingi. Simu za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo huwa na chipu maalumu ya kuifungua, wakati AV1 kwenye simu isiyo na chipu yake hufunguliwa na prosesa kuu, simu ikapata joto na chaji ikaisha. Akiba ya bando inayolipwa kwa chaji si akiba kubwa kwa mtu ambaye umeme wa kwao umekatika.

Mstari wa `-force_key_frames` unaweka fremu kuu kila baada ya sekunde mbili. Fremu kuu ni picha kamili isiyotegemea zilizotangulia, na mtazamaji anaporuka kwenda dakika ya 31, kichezeshi hakiwezi kuanza ila kwenye fremu ya namna hiyo. Zikiwa mbalimbali mno kuruka kunakuwa kuzito. Zikikaribiana mno faili linanenepa.

Faharasa ya faili iwe mwanzoni

Ndani ya kila faili la MP4 kuna sehemu iitwayo `moov`, inayoeleza kila fremu iko kwenye baiti ya ngapi. Programu ya kurekodi haiwezi kuiandika hadi rekodi iishe, na kwa hiyo huiweka mwisho, kama kitabu ambacho yaliyomo yake yamechapishwa kwenye ukurasa wa mwisho. Kivinjari kikipokea faili kama hilo hulazimika kuacha kusoma mwanzo, kuomba mkia wa faili, kisha kurudi mwanzoni, na kila safari kati ya hizo inapita kwenye mtandao wa simu. Seva isiporuhusu maombi ya vipande, kivinjari hushusha faili zima kabla ya kuonyesha picha ya kwanza.

Chaguo la `-movflags +faststart` tulilolitumia hapo juu huihamisha faharasa hiyo na kuiweka mwanzoni. Kwa mafaili ya zamani ambayo tayari yako kwenye seva, huna haja ya kuyabana upya:

```
ffmpeg -i zamani.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4
```

Kazi hiyo huchukua sekunde chache kwa faili na haigusi ubora. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Maombi ya vipande, na skripti inayoyavunja

Kivinjari kinapocheza video hakiombi faili zima; hutuma kichwa cha `Range` kikitaja baiti kinazozitaka, na seva inayoelewa hujibu kwa namba 206 ikitoa kipande hicho tu. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuruka hadi katikati ya somo bila kulipia nusu ya kwanza. Kwenye iPhone, seva isiyojibu hivyo inaweza kusababisha video isianze kabisa. Jaribu ya kwako:

```
curl -s -o /dev/null -D - -r 0-1023 https://tovuti.example/media/fizikia-04.mp4
```

Jibu unalolitafuta lina 206 katika mstari wa kwanza na kichwa cha `Content-Range` kinachoanza na `bytes 0-1023/`, kikifuatiwa na ukubwa wa faili zima. Ukipata 200, seva imeanza kukumwagia faili lote.

Nginx na Apache hujibu 206 zenyewe kwa faili la kawaida lililo kwenye diski. Tatizo huanzia pale msimamizi anapotaka kuhakikisha kwamba mwanafunzi amelipa ada, akaandika skripti ya PHP inayokagua usajili kisha inalisoma faili na kulitoa kwa `readfile()`. Kitendakazi hicho hakijui lolote kuhusu vipande, kwa hiyo kuruka mbele kunakufa. Isitoshe, katika Apache ya mpangilio wa zamani, ambamo PHP huishi ndani ya kila mchakato, mwanafunzi mmoja mwenye mtandao dhaifu anaushikilia mchakato mzima kwa dakika arobaini, na mwezi Oktoba wanafunzi wachache wa aina hiyo wanatosha kuifanya tovuti yote isifunguke, hata ule ukurasa wa ratiba.

Dawa yake ni kuiachia skripti kazi ya kukagua tu, na kazi ya kutoa faili kuirudisha kwa seva. Katika nginx, PHP ikishamtambua mwanafunzi hutuma kichwa kimoja na kumaliza kazi yake:

```
header('X-Accel-Redirect: /hifadhi/fizikia-04.mp4');
```

Upande wa mipangilio ya nginx, anwani hiyo hufungwa isifikiwe kutoka nje:

```
location /hifadhi/ {
    internal;
    alias /srv/hifadhi/;
}
```

Kwa Apache, moduli ya `mod_xsendfile` inafanya kazi hiyohiyo kwa kichwa cha `X-Sendfile`.

Mipangilio ya nginx

```
location /media/ {
    root /srv;
    sendfile on;
    tcp_nopush on;
    gzip off;
    limit_rate_after 2m;
    limit_rate 200k;
    add_header Cache-Control "public, max-age=31536000, immutable";
}
```

Chaguo la `sendfile` huifanya kerneli (kiini cha Linux) ipeleke data kutoka kwenye diski hadi kwenye mtandao bila kuipitisha kwenye kumbukumbu ya programu. Liwashe, lakini usikeshe nalo: chini ya HTTPS sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea kwa kuwa data lazima ifichwe kwanza, isipokuwa kerneli yenyewe iwe inaifanya kazi hiyo. Ubanaji wa gzip uzimwe kwa sauti na video, kwani mafaili hayo yameshabanwa, na gzip ya papo kwa papo huondoa pia uwezo wa kujibu kwa vipande.

Mistari miwili ya `limit_rate` ndiyo inayolinda bando. Kivinjari kikipata mtandao wa kasi kinaweza kushusha mbele kiasi kikubwa kuliko kinachotazamwa, na mwanafunzi akifunga ukurasa dakika ya tatu, yote yaliyokwisha kushushwa kwa ajili ya dakika ya kumi yamepotea, upande wake na upande wako. Mpangilio huu unaziachia MB 2 za kwanza zipite kwa kasi yoyote ili video ianze upesi, kisha unashusha mwendo hadi KB 200 kwa sekunde. Video yetu inahitaji KB 108, hivyo kikomo hicho kinakaribia mara mbili ya hitaji. Ukikikaribisha mno na KB 108, mtikisiko mdogo wa mtandao utaigandisha picha. Kumbuka kwamba kikomo hiki ni cha ombi moja, na anayefungua maombi mawili anapata maradufu.

Anayebonyeza kiungo cha kupakua asibanwe hivyo. Wapo wanaosubiri bando la usiku washushe masomo ya wiki nzima kwa mkupuo, na kuwapunguzia kasi ni kuwakesheza bure. Watengee `location` nyingine isiyo na kikomo, yenye kichwa cha `Content-Disposition: attachment`.

Kichwa cha `Cache-Control` kinaruhusu kivinjari kulihifadhi faili mwaka mzima bila kuuliza tena. Sharti lake ni kwamba faili lenye jina hilo lisibadilike kamwe; ukirekebisha somo, lipe jina jipya, kwa mfano `fizikia-04-v2.mp4`, na ubadilishe kiungo kwenye ukurasa.

Lini utumie HLS

HLS, mfumo uliotolewa na Apple mwaka 2009, huikata video katika vipande vya sekunde chache na kuitengeneza kwa ngazi kadhaa za ubora, na kichezeshi huchagua ngazi kulingana na mtandao wa wakati huo. Mwanafunzi aliye ndani ya mwendokasi kutoka Kimara kwenda Gerezani hupitia maeneo yenye 4G nzuri na mengine ambako mtandao unasuasua, na kwake tofauti inaonekana: picha inafifia kidogo badala ya kuganda.

Sipendekezi HLS kwa kila kitu. Klipu ya dakika mbili na rekodi ya sauti hazipati faida inayolingana na usumbufu wa kusimamia mamia ya vipande. Kwa somo la saa moja inafaa. Tengeneza kila ngazi katika folda yake kwa amri ileile ya awali, ukibadilisha ukubwa na kiwango cha biti, na mahali pa jina la faili la mwisho na `-movflags` uweke haya:

```
-hls_time 6 -hls_playlist_type vod -hls_segment_filename 360/kipande%04d.ts 360/orodha.m3u8
```

Fremu kuu za kila sekunde mbili zinahakikisha kwamba vipande vya sekunde sita vinakatika mahali palepale katika ngazi zote. Bila hivyo, kubadilisha ngazi kunarukisha picha. Kisha andika kwa mkono orodha kuu:

```
#EXTM3U
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=700000,RESOLUTION=640x360
360/orodha.m3u8
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=400000,RESOLUTION=426x240
240/orodha.m3u8
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=1200000,RESOLUTION=854x480
480/orodha.m3u8
```

Ngazi ya 360 imetangulizwa makusudi, kwa sababu vichezeshi vingi huanza na ile iliyoandikwa kwanza. Safari na Chrome ya Android huicheza orodha hii zenyewe. Kwa vivinjari vingine ongeza maktaba ya hls.js. Sauti pekee usiiweke kama ngazi ya nne, maana hls.js huiacha ngazi isiyo na picha pale ambapo ngazi za video zipo. Ipe kiungo chake chenyewe kilichoandikwa waziwazi, ili anayebanwa na bando aichague kwa hiari yake.

Seva ikae wapi

Umbali wa moja kwa moja kati ya London na Dar es Salaam ni kama kilomita 7,500, na mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75. Kebo za baharini hazinyooki, kwa hiyo muda halisi ni mrefu zaidi. Tuchukue milisekunde 150. Kufungua muunganisho wa HTTPS kwa TLS 1.3 (itifaki inayoficha data za HTTPS) kisha kutuma ombi huchukua safari tatu kabla ya baiti ya kwanza, karibu nusu sekunde, na baada ya hapo seva huanza na pakiti 10 tu, kama KB 14, ikiongeza maradufu kila safari. Mtandao wa simu unapopoteza pakiti, mbinu za kawaida za TCP (itifaki inayosafirisha data hizo) huchukulia kwamba kuna msongamano na hupunguza kasi. Mbinu ya BBR, iliyoingia katika kerneli ya Linux toleo la 4.9, hupima njia yenyewe badala ya kuogopa kila pakiti iliyopotea, na kwa watazamaji wa mbali inasaidia. Iwashe katika faili kama `/etc/sysctl.d/90-bbr.conf`:

```
net.core.default_qdisc=fq
net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr
```

Njia nyingine ni kuileta seva nyumbani. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na wakati kama huo faili lililo Dar es Salaam lina nafuu ya kutolazimika kuvuka bahari. Lakini seva kuwa jijini hakutoshi. Muulize mwenye seva kama ameunganishwa na TIX, kituo ambako kampuni za intaneti za hapa nchini hubadilishana trafiki, kisha hakikisha mwenyewe kwa `traceroute`, amri inayoonyesha njia ambayo data inapita, kutoka laini za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL. Ukiona njia inatoka Dar es Salaam, inapita nje ya nchi na kurejea Dar es Salaam, unalipia ujirani usiokuwepo. Kwa wasikilizaji walio Muscat au London, weka CDN (mtandao wa seva zilizotawanyika duniani) mbele ya seva. Vichwa vya kache tulivyoviweka vitairuhusu kuhifadhi nakala karibu nao.

Ukurasa wenyewe

Ukurasa wenye masomo 40, kila moja na lebo yake ya `<video>`, unaweza kuanzisha maombi 40 kabla mtu hajabonyeza chochote, kwa sababu vivinjari vingi husoma mwanzo wa kila faili kutafuta urefu wake. Andika `preload="none"` kwenye kila lebo, weka picha ya kava kwa `poster`, na urefu uuandike mwenyewe pamoja na uzito, kwa mfano "Dakika 52, sauti MB 25, video MB 337". Mwanafunzi mwenye MB 100 zilizobaki anahitaji taarifa hiyo kuliko mapambo yoyote ya ukurasa.

Kusoma kumbukumbu za seva

Kila kuruka ndani ya video huzaa ombi jipya la 206, kwa hiyo mistari ya kumbukumbu haihesabu watazamaji. Ongeza kwenye `log_format` ya nginx vigezo vya `$http_range`, `$body_bytes_sent` na `$request_completion`. Hicho cha mwisho huandika OK ombi lilipokamilika, na hubaki kitupu mtu alipokata katikati. Jumlisha baiti za kila somo kwa siku, gawanya kwa ukubwa wa faili, nawe utapata kadirio la mara ngapi somo zima limetoka kwenye seva. Kadirio hilo linazidi kidogo kilichomfikia mtazamaji, kwa kuwa sehemu ya data hubaki njiani muunganisho unapokatwa.

Kisha tafuta masomo ambayo maombi yake mengi yanakatika ndani ya MB 2 au 3 za mwanzo. Yafungue na uyatazame kwa simu. Mara nyingi utakuta dakika nzima ya mwalimu akifuta ubao na kusubiri wanafunzi wakae, nayo hukatwa bila kubana upya, ukianzia kwenye fremu kuu iliyo karibu:

```
ffmpeg -ss 95 -i fizikia-04.mp4 -c copy -movflags +faststart fizikia-04-v2.mp4
```